Tochi ya Njano, Mtoto wa Siku Tatu

Alfajiri ile ukungu ulikuwa mzito. Kwenye basi, kiti cha mbele yangu, mzee mlinzi wa shamba la miti alikuwa anamkemea mkunga, na wala hawajuani. Kosa la mama wa watu ni kununua tochi ya mwanga mweupe.

"Mwanangu, ukungu na mwanga mweupe haviivi chungu kimoja. Ukiwasha, unakurudia machoni kama ukuta. Hii yangu ya njano, miaka kumi na miwili haijanitupa mtaroni."

"Sawa baba, lakini mimi naenda kumwangalia mtoto wa siku tatu. Mama yake anasema macho yamegeuka manjano. Nikimmulika na hiyo yako nitajuaje? Kwa mwanga huo hata wewe ni mgonjwa."

Abiria tulicheka. Mzee hakucheka. "Kwanza umfikie. Daraja la pale unaposhukia ni magogo matupu, halina ukingo."

"Nikifika na tochi isiyoniambia kitu, nimefika kufanya nini?"

Wote wawili walikuwa na haki, ndiyo maana walipiga kelele vile.

Basi likasimama kituo cha mkunga. Nje hapakuonekana hata jani. Akashuka. "Nenda, utanikumbuka," mzee akasema. Akachungulia dirishani, akasonya, akamfuata, na kituo chake kilikuwa bado mbali.

"Haya, washa hiyo yako tuone!" nikamsikia.

"Nimewasha, baba, na naona vizuri tu!" mkunga akajibu, kutoka upande usio na njia.