Mashine Yenye Mpini

Mbele yangu kwenye basi, mtengeneza kadi alipakata mashine yake ya kukatia karatasi na kuinulia maua ya nakshi juu yake. Rola lilikuwa limepasuka.

"Nunua ya umeme, dada, upumzishe mkono," alishauri jirani yake wa kiti, fundi cherehani aliyesahau utepe wa kupimia shingoni. Ushauri wa bure haukosi mtoaji.

"Mpini anazungusha mama mkwe, kaka. Macho hayaoni tena, lakini ua likiinuka analipapasa, ananiambia, 'Hili limekubali, mwanangu.' Namshukuru Mungu kunipa yule mama. Hajawahi kukosea."

"Ya umeme nayo ina kitufe. Atabonyeza."

Basi likasimama. Dada akainuka na mzigo wake.

"Kitufe hata mimi nabonyeza. Sasa mama nitamwambia namhitaji kwa lipi?"