Risala ya Wagonjwa Waliopona Jumanne kwa Jumanne

RISALA YA KIKUNDI CHA WENYE KISUKARI, KIJIJI CHA BAN NONG MANGKHUT, ILIYOSOMWA NA KATIBU WAKE, BI LAMDUAN

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Daktari Phaithun kutoka ofisi ya afya. Mwenyekiti wa kijiji. Watawa wetu waheshimiwa. Na wewe muuguzi wetu, Dada Wilaiphon, uliyeketishwa leo mstari wa mbele ilhali umezoea kusimama: sisi wanachama arobaini na mmoja tunakusalimuni kwa viganja vilivyounganishwa.

MAKARIBISHO

Mheshimiwa, karibu sana. Tunajua umeacha shughuli nyingi na kupita barabara yetu msimu huu wa doriani, tunda letu tamu la miiba, ambapo malori ya mzigo hayampishi mtu, hata mwenye bendera. Umekuja kutupa tuzo ya kijiji kilichoshinda kisukari. Tumefurahi, na furaha hiyo imetukosesha usingizi.

HISTORIA FUPI

Kikundi chetu kilianza miaka sita iliyopita, Dada Wilaiphon alipoletwa kwenye zahanati hii. Alitukuta tunaamini kwamba sukari ni ile ya dukani. Tunda la shamba lako mwenyewe, ulilolipanda na kulimwagilia, lingekudhuru vipi? Siku ya kwanza Mzee Thongbai, fundi wetu wa kugonga doriani asikie kama limeiva, alisimama akamwuliza:

"Dada, doriani langu mimi silitii hata punje ya sukari. Itoke wapi?"

"Inatokana na jua, mzee. Majani ndiyo yanayoipika."

"Basi nitaufunika mti."

Alitufundisha kwa subira. Kwamba tunda likishaliwa, sukari yake huingia kwenye damu, na kongosho hutoa insulini ya kuifungulia mlango iingie mwilini ikafanye kazi. Kwamba kwetu sisi ama insulini haitoshi, ama mwili umeacha kuisikiliza, kwa hiyo sukari inabaki kwenye damu ikizurura. Kwamba tunda zima lina nyuzi zinazoichelewesha, lakini ukilisaga na kulichuja unazitupa hizo nyuzi na kunywa sukari yenye mbio tupu. Hakutukataza matunda. Alisema tule kidogo, kiasi cha kujaa kiganja, tusile tunda lililoiva kupita kiasi, na tupende mapera mabichi.

Tuliyapenda mapera. Tuliyachovya kwenye pilipili, chumvi na sukari, kama ilivyo desturi, hadi siku aliyotukuta.

MAFANIKIO

Mheshimiwa, mafanikio yetu unayo kwenye faili. Kila Jumanne tunapimwa asubuhi kabla ya kula. Wiki ya kwanza kabisa wengi wetu tulikuwa mia mbili na themanini, wengine zaidi. Mwaka huu hakuna aliyezidi mia moja na thelathini. Dada Wilaiphon ana ubao wa majina yetu, na kila mwenye namba nzuri hubandikiwa nyota. Nyota zimejaa mpaka ubao wa pili umenunuliwa.

Tunakushukuru pia kwa zawadi uliyotuletea, lile kapu kubwa lenye utepe mwekundu. Tumeona ndani yake zabibu, maembe yaliyoiva, makopo ya juisi na shokishoki za kopo zilizotiwa shira. Ndivyo wagonjwa wanavyotazamwa kwetu, na umefuata desturi vizuri kuliko sisi tulivyofuata mafunzo.

Mafanikio makubwa kuliko yote ni barua ya ofisi yako ya mwezi uliopita. Inasema kwamba kwa kuwa kijiji hiki kimepona, kliniki ya Jumanne ifungwe, na Dada Wilaiphon ahamishiwe wilaya yenye uhitaji, kuanzia Jumatatu.

CHANGAMOTO

Hapa, mheshimiwa, katibu ameagizwa asome polepole.

Sisi hatujapona. Kila Jumapili mchana tunaacha kula. Jumatatu tunakunywa uji mwepesi wa mchele na mboga zilizochemshwa. Jumanne tunajipanga hapa zahanati, midomo imekauka, tunatoa kidole, tunapata nyota. Tukitoka, getini Bibi Kesorn anatusubiri na wali wa kunata, tui la nazi na doriani lililokwisha kupasuliwa. Kuanzia hapo hadi Jumapili inayofuata tunakula tunavyokula.

Tusieleweke vibaya. Hatukutaka tuzo. Tulimwonea soni Dada. Ile wiki ya kwanza alipoona namba zetu alisema tu, "Haya, tutajaribu tena," akaenda nyuma ya zahanati, na Bibi Kesorn akamwona anafuta macho. Anatoka mbali, hana ndugu hapa, anakula peke yake. Tukasema mtoto wa watu asilie tena kwa ajili yetu. Kwetu kumvunja moyo mwalimu ni vibaya kuliko kuugua. Basi kila nyota aliyoibandika, alitabasamu, nasi tukafunga zaidi.

Mheshimiwa, tulimpenda mpaka tukamfukuza. Hatuna namna nyingine ya kulisema.

Na uongo haukukaa mahali pamoja. Mzee Thongbai, kwa ruhusa yake aliyoitoa jana baada ya kubembelezwa sana, anakubali tueleze la mwezi wa tano. Aliliona doriani juu ya mti wake wa zamani. Akapiga hesabu zake: tunda zima nitalila, basi nijichome sindano yangu ya insulini dozi mbili kabisa, tuwe sawa. Akajichoma. Ndipo akalikata, akaligonga kwa kijiti, akasikiliza, akasema limeiva. Miaka arobaini hajakosea. Alipolipasua lilikuwa jeupe na gumu, halitafuniki. Insulini imo mwilini, tunda halimo. Akaondoka kwenda mti wa pili, kwa kuwa fani ilikuwa imemtia aibu, sukari ikamshuka, akaanguka njiani.

Dada Wilaiphon alikuja mbio na kopo la juisi ya nanasi, ile ile aliyoipiga marufuku. Akamwinua, akamnywesha kidogo kidogo.

"Dada," mzee akasema alipozinduka, "kumbe huwa unaificha."

"Nyamaza, mzee. Meza."

"Usiniandike kwenye ubao."

"Meza!"

Sisi tulimwambia Dada kwamba mzee aliteleza, na kwamba tangu asubuhi hakuwa ametia kitu mdomoni. Alituangalia mmoja mmoja. Hatujui aliamini kiasi gani.

Sasa tunafika kwa Bibi Sangwian, yule mwenye kitambaa cheupe mguuni. Mwezi wa sita alikanyaga ganda la doriani, mwiba ukamwingia unyayoni, na hakusikia kitu siku nne, kwa kuwa kisukari kilikuwa kimeufisha mguu ganzi. Namba zake za Jumanne ndizo nzuri kuliko za wote. Hospitali kubwa walisema mguu ukatwe. Dada akasema, "Nipeni miezi mitatu." Kila Jumanne na Ijumaa anauosha, anakata nyama iliyokufa, anaufunga. Kidonda kilikuwa upana wa kifuniko cha birika, sasa kimebaki ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Miezi miwili imepita. Wa tatu unaanza Jumatatu, siku ambayo Dada anaondoka.

Jana tulimwambia Bibi Sangwian kwamba tutasema ukweli, na kwamba jina lake litatajwa. Akauliza, "Na Dada atakasirika?" Tukamjibu kwamba hatujui. Akasema, "Semeni tu. Mguu ni wangu, na aibu tugawane."

MAOMBI

Tulikuwa tumeandika maombi saba, likiwemo lile la kipimo kinachoonyesha sukari ya miezi mitatu, ambacho hakidanganywi na uji wa siku mbili. Tumeyafuta sita, hicho kipimo kikiwemo. Tumebakiza moja: barua ile ifutwe, Dada Wilaiphon abaki.

Tunajua utasema namba ndizo ushahidi, na namba zinasema tumepona. Ndiyo sababu leo Jumanne, kwa mara ya kwanza katika miaka sita, hatukufunga. Tumeamka, tumekula wali, tumekula doriani, na wengine tumekunywa juisi. Mashine ya kupimia iko hapo mezani, na vijiti vyake vipo vya kututosha.

Dada Wilaiphon, utusamehe. Inuka, mwanetu, utupime mbele ya mgeni.

Mheshimiwa, tunakutakia maisha marefu na damu nyepesi, wewe na wote wa nyumbani kwako. Vidole vyetu ndivyo hivi, tumevinyoosha.

Ni sisi,
Wagonjwa wa Kisukari wa Ban Nong Mangkhut, wote arobaini na mmoja.