Mwalimu Tomoe Okinaka na Maandishi Aliyoshindwa Kuyasoma

Ndugu, majirani na wanafunzi wake, mimi Yasunori Dohi, mdogo wa marehemu, nimepewa kazi ya kusoma maisha ya dada yangu.

Tomoe alizaliwa tarehe 9 Februari 1951 hapa Kumano, Hiroshima, kifungua mimba wa Mzee Tamotsu Dohi, mtengenezaji wa brashi za kuandikia. Alisoma hapahapa, kisha akaenda chuo cha ualimu mjini Hiroshima na kuhitimu mwaka 1973.

Alifundisha mwandiko wa brashi katika sekondari ya wasichana hadi alipostaafu. Wasichana walipoanza kuandika sakafuni huku muziki ukipigwa, wakiburuta brashi kubwa kama fagio, aliguna: "Huo ni mwandiko au mnadeki?" Wiki iliyofuata alivua soksi akaingia mwenyewe, akamrushia mkuu wa shule wino suruali nzima. Watoto walicheka mpaka machozi.

Mwaka 1976 aliolewa na Shigeki Okinaka, dereva wa basi, wakajaliwa binti mmoja, Chinatsu. Shigeki alitutoka mwaka 2015.

Oktoba 2022 alipata kiharusi. Mkono ulipona, lakini kusoma hakukurudi. Aliandika vizuri kama zamani, kisha akaitazama karatasi asijue ameandika nini.

"Yasu, hii ni nini?"

"Ni 'mto', dada." Neno la herufi moja, mistari mitatu tu, la darasa la kwanza.

"Kweli? Usinibembeleze!"

Alifuatisha mistari kwa kidole, akakata tamaa, akachana karatasi, akaanza tena. Siku moja alinikaba ukosi wa shati. "Si bora kingechukua mkono? Mwambie daktari auchukue, anirudishie kusoma!" 

Machi mwaka huu wa 2024 alilazwa kwa nimonia. Aliomba brashi, Chinatsu akamshikia karatasi. Aliandika herufi moja, mistari ikipindapinda.

"Nimeandika nini?"

Tuliigeuza huku na huku. "Hatuwezi kuisoma, mama," Chinatsu akasema, akilia.

"Basi leo tuko sawa."

Alifariki kesho yake, tarehe 14 Machi, akiwa na miaka 73. Karatasi ile imo jenezani, chini ya mikono yake. Tumewaonyesha walimu wenzake, hakuna aliyeitambua.

Ameacha binti yake Chinatsu, mkwewe Ryohei, mjukuu wake Honoka, na mimi.

Pumzika, dada. Sisi bado hatujaweza kuisoma.