Miaka Thelathini na Mitatu ya Kukwangua Lebo

Tarehe 31 Machi, Bwana Inayatullah Cheema, msimamizi wa stoo na manunuzi wa chuo chetu cha ufundi cha wasichana hapa Lahore, anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya kazi. Hatimaye tutapumua! Hakuna tena mtu wa kutuchelewesha na kutuharibia raha ya kununua vitu rahisi.

Kamati ya sherehe imenituma niandike wasifu "mfupi na mchangamfu", ikanisihi nisiguse habari ya ngao. Basi naanza na ngao. Cheema Sahib, kama tunavyomwita kwa heshima, hatapewa ngao ya utumishi uliotukuka, kwa sababu faili lake lina barua ya onyo ya miaka sita iliyopita, kwa "uzembe katika manunuzi ya vifaa vya kompyuta". Ndiyo, msomaji, umesoma sawasawa. Cheema Sahib, mzembe.

Aliingia chuoni akiwa tarishi, enzi za taipureta. Kompyuta ya kwanza ilipofika walimu waliogopa kuigusa, wakampa yeye bisibisi. Bajeti yetu haijawahi kutosha kununua mashine mpya zilizokamilika, kwa hiyo tunanunua vipuri sokoni na kuviunganisha wenyewe. Hapo ndipo mzee alipoanza kutuudhi.

Akiona lebo inang'aa kuliko kifaa chenyewe, aliikwangua kwa ukucha wa kidole gumba. Chini yake alikuta lebo nyingine, na chini ya hiyo, ukweli. Diski iliyoandikwa terabaiti mbili hakuiamini mpaka aijaze faili pomoni; nyingi zilishiba mapema, zikaanza kufuta faili zilizotangulia. Kwenye pawa saplai, yale masanduku ya chuma yanayolisha kompyuta umeme, hakujali namba kubwa ya mbele. Aligeuza ubavuni kwenye jedwali la maandishi ya sisimizi, akajumlisha, akaguna. Tabia ya kuudhi kweli.

Lakini kosa lake kubwa lilikuwa chai. Sokoni kwetu huuziwi kitu kabla hujanyweshwa chai ya maziwa, na ukishainywa, kumfungulia muuzaji boksi lake mbele ya macho yake ni kumwita mwizi. Cheema Sahib alikwenda na chupa yake ya chai. Alikaa kwenye kigoda cha watu, akanywa ya kwake, akafungua maboksi yao. Siku moja muuzaji mmoja, Sheikh Waqas, alimwona kutoka mwisho wa ukumbi akapaza sauti: "Jamani fungeni maduka, mpasua maiti huyoo!" Mzee hakugeuka hata shingo. "Tulia Sheikh," akasema, "leo nimekuja kuona wagonjwa tu."

Sasa tuje kwenye huo uzembe. Mwaka ule bodi ya mitihani ilitaka maabara yenye kompyuta arobaini zinazofanya kazi, moja kwa kila mwanafunzi. Ikikosekana hata moja, hakuna mtihani wa vitendo, na wasichana arobaini wanarudia mwaka mzima. Wengi wao nyumbani wasingeruhusiwa kuurudia. Zikabaki wiki tatu, na tulichokosa ni pawa saplai tu.

Cheema Sahib alikuwa Gujranwala kwenye harusi ya mpwa wake. Aliacha neno moja: "Msinunue mpaka nirudi." Lakini haraka ilitushika, na mwenzetu mmoja, mwalimu msomi mwenye shahada mbili za kompyuta, akajitolea kwenda sokoni. Mbona rahisi! Sheikh Waqas alimpokea kwa vikombe vitatu vya chai na sambusa za moto. Msomi alipogusa boksi, Sheikh akashika kifua. "Dada yangu, wewe ni mtu wa nyumbani. Kweli tupekuane kama polisi?" Dada akaona haya. Akaondoka na maboksi arobaini mazuri mno, kila moja limeandikwa wati 600.

Mzee aliporudi alinyanyua moja, akalipima kwa mkono, akachukua bisibisi. Ndani mlikuwa na nyaya nyembamba kama tambi na kipande cha zege kilichogandishwa kwa gundi, ili mzigo uwe mzito na wa kuaminika. Akafungua la pili, la tatu, yote arobaini. Zege, zege, zege. Nguvu yenyewe haikufika wati 200.

Mkuu wa chuo alituita ofisini, akauliza nani kaleta balaa hili. Msomi wetu akawa anahesabu maua ya zulia. Cheema Sahib akasema, "Stoo ni yangu, Madam. Niandikie mimi." Akaandikiwa. Kisha kwa siku tisa mfululizo akazunguka masoko kwa miguu yake mibovu, akinunua mbili hapa, tatu pale, kila moja baada ya kuifungua. Asubuhi ya mtihani kompyuta arobaini ziliwaka na hazikuzima, na wasichana arobaini wakamaliza karatasi zao. Mzee alikaa nje kwenye ngazi akalala usingizi.

Msomi yule ni mimi.

Nimenyamaza miaka sita. Nimepanda cheo mara mbili, na mwaka jana nikapewa ngao, nikapiga picha nikitabasamu. Naona aibu, na ni aibu ninayostahili. Leo asubuhi nimempelekea Mkuu ombi la maandishi kwamba barua ile ya onyo itolewe kwenye faili la Cheema Sahib, iwekwe kwenye langu. Ngao yangu nayo nimeiacha mezani kwake, imefunikwa gazeti, maana nilishindwa kuitazama.

Cheema Sahib, ahsante kwa kila boksi ulilolifungua mbele ya watu waliotaka ulifunge. Nakuombea afya, miguu ipone, na wajukuu wakuchoshe vizuri. Kama utaona unaweza kunisamehe, nitakuwa mlangoni siku ya sherehe. Na kama huwezi, bado nitakuwa hapo hapo.

Tabinda Rizvi
Mkuu wa Idara ya Kompyuta