Kichwa cha Mjusi Hakina Zawadi: Risala ya Akina Mama wa Gemani

Mgeni rasmi, viongozi, wataalamu wetu wa mifupa, wazazi wenzetu, na nyie watoto mliokaa mbele (acheni kusukumana):

Karibu sana. Kabla ya yote kuna uvumi, na hautuachi tupumue. Eti mtoto atakayekipata kichwa cha yule mjusi mkubwa wa kale tunayemchimbua hapa, wewe mgeni rasmi utamsomesha mpaka chuo kikuu. Tumeusikia bombani, tumeusikia kliniki. Aliyeuanzisha hatumjui.

HISTORIA YA GEMA
Tulivyoelezwa na wataalamu, gema hili ni matope ya mto wa enzi za dainosaria, yakaganda yakawa mawe. Juu ni jiwe gumu, chini ni udongo mwekundu laini, na mifupa imo humo chini. Mjusi wetu ameshatoka mkia, mbavu na mwanzo wa shingo. Shingo imeingia ndani ya gema. Kichwa bado.

MAFANIKIO
Sisi akina mama ndio mikono ya kazi hii, na tunajisifu bila haya. Tunapangusa mfupa kwa brashi ya rangi, tunaufunga vipande vya gunia vilivyolowekwa plasta, kama mguu wa majeruhi. Hakuna mfupa uliotuvunjikia. Kwa nini? Tunaanzia juu. Jiwe gumu linaondolewa kwanza, ndipo tunagusa udongo.

CHANGAMOTO
Watoto wametuona tukifuata mfupa, wakaiga. Ila wao wanaingilia ubavuni, kwa vijiko vya nyumbani, wanachimba pango kuifuata shingo, na jiwe lote linabaki likining'inia juu yao. Juzi Jumamosi binti wa huyu anayesoma risala alivutwa miguu kutoka humo. Akalia, "Mama, ungeniacha kidogo tu! Kichwa kiko hapo hapo!"

Shangazi yake akamwambia, "Daftari la hesabu limekushinda kuliona chini ya kitanda, utaona kichwa cha mjusi?"

Tulicheka. Kesho yake tukakuta pango limeporomoka, limejifunga. Ndoo ya binti imo humo mpaka leo.

Tukiwakataza wanatujibu, "Mgeni rasmi kaahidi." Neno letu limeshindwa na neno lako, ambalo hata hujalisema.

MAOMBI
Tunaomba uzio, na mlinzi wa jioni. Hayo tunajua yatasubiri bajeti. Ombi letu kubwa halina bajeti: ukisimama hapa, waangalie watoto uwaambie kwa kinywa chako kwamba zawadi haipo. Hatuna shaka utasema. Ndiyo maana tumewakalisha mbele.

Mungu akufikishe nyumbani salama, uwakute wanao wazima, na sisi atubakizie wetu.

Na haya ni ya kuepuka:
Usiingie pango lolote chini ya gema.
Usichimbe kutoka ubavuni.
Usipite chini ya jiwe mvua ikitoka kunyesha.
Usimpe mtoto kijiko akachezee nje.
Mgeni rasmi, usiseme "tutaona". Mtoto akiambiwa "tutaona", anasikia "ndiyo".

Ni sisi,
Kikundi cha Akina Mama Wapangusa Mifupa, Gemani.