Adélaïde Nizigama, Aliyefungua Chupa kwa Mtoto Mmoja

Ndugu, majirani na marafiki, mimi ni Médiatrice, mama mzazi wa marehemu, familia imeniomba nisome kwa sababu tarehe zote ninazo kichwani.

Adélaïde Nizigama alizaliwa Jabe tarehe 14 Machi 1981, akaanza shule ya msingi hapo hapo mwaka 1988, vita vikamkatisha, akarudi, akamaliza, na mwaka 2004 akapata diploma ya uuguzi, wa kwanza kwetu kupata diploma yoyote. Tarehe 3 Januari 2005 aliajiriwa kwenye kituo cha afya kule Ruziba, upande wa chanjo, akakaa hapo mpaka alipougua.

Tarehe 16 Agosti 2008 alifunga ndoa na Népomuscène, fundi wa magari, wakapata watoto watatu. Wa kwanza, Xavier, alizaliwa Jumatatu tarehe 9 Novemba 2009, mdogo sana wa mwili, na BCG, ile sindano ya kifua kikuu inayoacha kovu mkononi, ilikuwa ikitolewa Alhamisi tu, kwa sababu chupa moja inatosha watoto ishirini na ikishafunguliwa hailali, inayobaki inamwagwa siku hiyo hiyo. Wauguzi wenzake na Adélaïde walitaka kumfungulia mtoto, lakini Adélaïde mwenyewe akakataa, akasema, "Chupa ya batoto makumi mbili, nifungue kwa wangu pekee?" Jumatano homa ikampata mtoto, Alhamisi hakuweza kuchanjwa, na tarehe 13 akafariki kwa maambukizi ya damu. Laure alizaliwa mwaka 2011, Astère mwaka 2014, wako hapa mbele yenu.

Mwaka 2015, kwenye mafunzo hapa mjini, Adélaïde alisikia kwamba huko Afrika Magharibi watafiti waliona watoto wadogo wa mwili waliopata BCG mapema wakifa wachache zaidi katika mwezi wa kwanza, na si kwa kifua kikuu, bali kwa magonjwa mengine, kana kwamba mwili ukifundishwa adui mmoja unaamka na kwa wengine, ingawa wataalamu bado wanabishana ni kwa kiasi gani. Nilimuuliza kama Xavier angepona, akanijibu, "Mama, sijui, na hakuna mutu anajua. Lakini sitangojesha mutoto tena."

Mkuu wa kituo, Télesphore, ambaye yuko nasi leo, alimkatalia miezi mingi kufungua chupa kwa mtoto mmoja, akamwita Madame Chupa mbele ya mkutano, akamuuliza, "Unataka tumwage dawa ya Leta?", yaani ya serikali, naye akajibu, "Chef, ikimwagika mi nitasaini." Hakuishia kwenye maneno, aliwazuia wazazi wasitoke kituoni kabla ya sindano, kwa kuwa mzazi akishafika nyumbani hatoki mpaka mtoto atolewe nje kwa sherehe, na kila Alhamisi chupa ikishafunguliwa alipiga simu Ruziba nzima kuita wachanga wengine. Tarehe 1 Februari 2016 Télesphore alikubali chupa ifunguliwe siku yoyote anapozaliwa mtoto, hata mmoja, na tangu siku hiyo amekuwa akimtetea kuliko sisi ndugu zake.

Mei 2023 Adélaïde alikutwa na saratani ya titi, akatibiwa, akapata nafuu, ikarudi. Hakulalamikia maumivu, aliogopa jambo moja tu, kwamba akiondoka watairudia Alhamisi yao, kwa hiyo mwenzake yeyote aliyekuja kumwona aliulizwa kabla ya salamu, "Leo mumefungua?" Alifariki tarehe 6 Mei 2025, nyumbani kwake Gihosha, mkono wake ukiwa mkononi mwangu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Gihosha waliopika na kuteka maji bila kuombwa, na mafundi wenzake na Népomuscène waliotoa magari. Wauguzi wa Ruziba nimewaona wakiingia misa ikiwa katikati, nikasikia watu wakinung'unika, basi mjue, alfajiri ya leo amezaliwa mtoto mmoja kule, wakabaki kumfungulia chupa, na familia inawashukuru kwa kuchelewa.

Adélaïde mwanangu, wamefungua. Pumzika kwa amani.