Nani Aliona Mchanga Kwenye Pamba Yangu?

Kaburi la mama yangu nililichimba mimi, mwanamke, pamoja na kaka yangu aliyetoka Nyashimo. Hakuna mwingine aliyeshika jembe. Ilikuwa kiangazi, na udongo wetu wa mbuga ukikauka mnaujua, unagonga sururu inarudi juu. Majirani walikuwa wamekaa nje ya nyumba zao wanachambua pamba. Nawaona, wananiona. Mmoja aliinuka, nikasema moyoni huyu anakuja. Aliingia ndani akafunga mlango.

Ndugu zangu, kwetu hapa hata mwizi anazikwa na watu. Mama yangu hakuiba kitu. Alizikwa hivyo kwa sababu ya karatasi ya msomi mmoja, na msomi huyo anaitwa Gervas. Mchungaji ameniambia, "Mama Holo, ushuhuda hautaji majina." Nimemsikia na ninamheshimu, lakini walioandika karatasi walilitaja langu, kwa hiyo leo tutakwenda sawa.

Nimeombwa niseme na hawa wanafunzi waliokuja likizo, ambao wiki ijayo wataanza kutuzungukia na madodoso yao. Mimi shule nimeishia darasa la nne. Siwezi kuwafundisha utafiti. Ila nimetafitiwa mara mbili, mara moja vibaya na mara moja vizuri, na tofauti yake naijua kwa mwili.

Wakati wa chama cha ushirika pamba ilikuwa na macho ya watu. Unaipeleka kituoni imechambuliwa, safi peke yake, fifi, ile chafu yenye madoa, peke yake, na karani anaingiza mkono mpaka chini ya gunia. Ukichanganya unarudishwa nayo nyumbani, na watoto wanakucheka njiani. Halafu ikaja ruhusa, wanunuzi binafsi wakaingia hapa kwetu Kasoli kama kumbikumbi baada ya mvua. Kila mmoja anataka ajaze lori kabla ya mwenzake. Nani tena aangalie safi na fifi? Wanasema, "Leta mama, leta tu, tunapima." Muda si mrefu viwanda vikaanza kulia: pamba ya huku ina mchanga, imelowekwa maji ili izidi uzito. Kampuni moja ikamlipa Gervas aje atafute nani anaiharibu.

Gervas alikuja na gari. Alishukia kwa mwenyekiti wetu wa wakati ule, Masunga, ambaye pia alikuwa wakala wa kampuni hiyo hiyo, pamba yote inapita kwenye ghala lake. Masunga akachinja mbuzi. Jirani yangu aliyekuwa akipika pale alinieleza baadaye swali lililoulizwa. Gervas hakusema, "Pamba inachafukia wapi?" Alisema, "Ni wakulima gani hapa wanaotia mchanga?" Mnaona hilo swali? Limeshahukumu, linatafuta tu wa kufungwa. Masunga akajibu, "Hao wajane wa kijitoni. Hasa huyu Minza, mama Holo." Nilikuwa nimemkatalia Masunga shamba langu la kando ya kijito, na kijiji kizima kilijua.

Gervas akala, akaandika, akaondoka. Kwangu hakufika. Shambani hakukanyaga. Lakini karatasi ilipotoka ikasema "utafiti umebaini" kwamba wajane wa kijitoni, wakiongozwa na mimi, jina langu kamili, tunatia mchanga. Masunga akaisoma kwenye mkutano wa kijiji akiipunga hewani: "Si mimi ninayesema! Imeandikwa!"

Wanunuzi wote wakashusha bei ya kijiji chetu, na wanakijiji wakanigeukia. Sungusungu, walinzi wetu wa kijiji, wakanitoza ng'ombe. Nikakataa. Kulipa ni kukiri, na mimi nikiri nini? Basi nikatengwa kwa desturi yetu: sipewi moto, sichoti maji wakiwepo wengine, hakuna kunisalimia, na atakayenisalimia naye anatozwa ng'ombe. Pamba yangu ikakaa ndani mpaka panya wakazalia humo. Mama yangu akafariki katika kutengwa huko, nikamzika kama nilivyosema. Holo, binti yangu, alikuwa amechumbiwa Lagangabilili. Wakwe wakatuma mtu kusema wameahirisha. Wamesikia. Kila mtu alikuwa amesikia! Maana ikatoka karatasi ya pili ikasema vilevile, na ya tatu. Hata kaka yangu aliniuliza, "Dada, watu watatu wote wamekosea?" Hilo ndilo lililoniuma kuliko jembe la kaburi.

Kabula alikuja msimu uliofuata. Msichana mwembamba, mwanafunzi wa chuo, Msukuma mwenzetu. Alisimama uani akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani, "Mwadila, mayu!"

Nikamwambia, "Nyamaza mwanangu, utatozwa ng'ombe kwa kunisalimia."

Akasema, "Wataitafuta sana. Kwetu tuna bata tu."

Nilicheka. Nilikuwa nimesahau jinsi ya kucheka, kikatoka kikohozi.

Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kunifanyia. Aliniomba ruhusa. Alieleza anatafuta nini, kwa ajili ya nani, karatasi yake itakwenda wapi. Akasema, "Mayu, ukikataa naondoka na hakuna ubaya. Ukikubali, jina lako naweza kulificha." Nikamwambia jina langu limeshaanikwa, aandike tu kwamba sikutia mchanga.

Akaweka kalamu chini. "Hilo siwezi kuandika."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni neno la mtu mmoja. Kama la Masunga lilivyokuwa."

Ndugu zangu, nawaambia ukweli, nilimfukuza. Nilimfukuza na mwiko mkononi. Kanifananisha na Masunga! Akaondoka taratibu, na kesho yake akarudi. "Mwadila, mayu. Bado una hasira?" Nikamwambia ninayo. Akasema, "Kaa nayo, mimi nisaidie njia ya kwenda kwa hao wengine."

Nikaanza kumwangalia anavyofanya kazi, na kadiri nilivyomwangalia ndivyo nilivyomheshimu. Hakuchagua nyumba za rafiki zake wala za adui wa Masunga. Alitia punje za mahindi kwenye kibuyu, kila punje ina alama ya kaya yake, akamwita mzee wa sungusungu, yuleyule aliyenitoza, achomoe bila kuangalia. Punje iliyotoka ndiyo nyumba anayokwenda. Nyumba yangu haikutoka! Nilimsihi aongeze punje yangu. Akasema, "Nikiongeza yako, Masunga ataomba aongeze ya mjomba wake."

Kwenye kila nyumba aliyoruhusiwa alitandika kitambaa cheusi, akakung'utia pamba juu yake, akatazama kinachodondoka. Akaifunga alama pamba hiyo, akaifuata kwa miguu mpaka ghalani. Pale mlangoni akakung'uta tena. Na ilipotoka ghalani kupanda lori, akakung'uta mara ya tatu, huku vijana wa Masunga wakimzomea: "Dada wa kitambaa! Tufulie na mashuka!" Yeye anajibu, "Nikimaliza haya, leteni." Jua linawaka, midomo imempasuka, anakung'uta.

Pamba ya nyumbani nyingi ilikuwa safi. Mlangoni mwa ghala ilikuwa safi. Ikitoka ghalani ina mchanga.

Lakini sikilizeni, wanafunzi, hapa ndipo nilipomvulia kilemba yule binti. Kuna nyumba mbili alikuta pamba imelowa maji, na moja ilikuwa ya mjane mwenzangu wa kijitoni. Nilimpigia magoti: hii usiiandike, utatumaliza. Kabula akanishika mikono akaniinua. "Mayu, nikiyaficha haya, yale mengine nani atayaamini?" Akaandika. Jina hakuandika, ila jambo aliliandika.

Kabla ya kuipeleka karatasi chuoni aliomba mkutano wa kijiji, atusomee sisi kwanza, na mwenye kupinga apinge. Watu walijaa. Akasoma yote, ya ghala na ya nyumba mbili. Masunga akasimama na karatasi zake: "Wewe ni mmoja! Wasomi watatu wameandika vingine!"

Kabula akasema, "Nimezisoma, mwenyekiti. Hata mimi nilitaka kunakili sentensi ile, mwalimu wangu akanizuia, akaniuliza nani aliona. Karatasi ya tatu inasema imepata habari kwenye ya pili. Ya pili inasema imepata kwenye ya kwanza. Ya kwanza, ya Bwana Gervas, inasema imeambiwa na kiongozi wa kijiji. Hakuna mahali pengine. Basi nakuuliza wewe: uliona?"

Masunga akazikunja karatasi zake, akakaa. Yule mzee wa sungusungu, mwenye kibuyu, akasema kwa Kisukuma jambo ambalo kwa Kiswahili ni kama, "Kumbe tulisikia mtu mmoja anapiga kelele ndani ya pango." Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka, kwa sababu wengine waliniona nimekaa peke yangu pembeni. Mzee akaja mpaka nilipo. Akainama. "Mwadila, mayu." Kilio kilinitoka kama cha mtoto.

Nawashukuru mlionirudia, ingawa mlichelewa. Namshukuru kaka yangu. Holo ameolewa, si Lagangabilili, kwingine na kuzuri. Kabula ni mwalimu sasa, na Mungu ampe maisha marefu kuliko yangu. Nanyi wanafunzi, mnachokiandika huku, chuoni kwenu ni maksi, kwetu ni maji na moto. Muulize mwenyewe kabla hujamwandika. Mfuate aliyeona. Na ukikuta jambo linalomuumiza rafiki yako, liandike pia.

Msidhani nimesamehe yote. Karatasi ya Gervas haijafutwa. Mjukuu wa jirani aliikuta chuoni mwaka huu, na jina langu limo. Mchungaji amemwandikia Gervas mara mbili aifute, hajajibu. Sawa, hayupo. Lakini wewe Masunga upo, nimekuona ulipoingia, umekaa karibu na mlango, usijifanye unatafuta ukurasa wa nyimbo. Mbele ya Kabula ulinyamaza. Mbele ya kijiji ulinyamaza. Leo wamekaa hapa watoto wanaotaka kujua habari inatoka wapi. Simama, Masunga. Waambie uliona nini.